Kihispania cha kueleza watu wanavyoelewana, na wasivyopikika chungu kimoja

Arusha, Moshi na hata Zanzibar, si ajabu siku hizi kumkuta mwongoza watalii akipiga soga kwa Kihispania na wageni wake. Lugha hii ni rasmi nchini Hispania na katika nchi nyingi za Amerika ya Kati na ya Kusini. Ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na hapa Afrika ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta.

Wengi wanaojifunza huanza na salamu, namba, bei na majina ya wanyama. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza. Lakini wageni wakishakaa nawe siku tano ndani ya gari moja, maongezi hubadilika. Watauliza habari za mke au mume, wakwe, majirani na bosi wako. Watakueleza na ya kwao. Hapo unahitaji sarufi ya kueleza watu wanavyoishi pamoja: nani anaelewana na nani, nani amenuniana na nani, nani anampenda nani na kwa namna gani.

Na hapo ndipo palipo na hatari. Neno "nakupenda" kwa Kiswahili unaweza kumwambia mama yako, mchumba wako, rafiki yako, hata mtangazaji unayemsikiliza kila asubuhi. Kihispania hakina neno moja la kubeba yote hayo. Ukichukua kitenzi kisichofaa, mgeni uliyetaka kumsifia ucheshi wake ataelewa kuwa unamtongoza. Kama mumewe amekaa kiti cha nyuma, safari itakuwa ndefu.

Makala haya yanapitia vitenzi na kanuni za msingi. Habari njema kwa msemaji wa Kiswahili ni kwamba tofauti nyingi unazozihitaji tayari unazo kichwani. Kazi ni kujua Kihispania kimeziweka wapi.

Kwanza, matamshi kidogo. Herufi "ll" katika sehemu nyingi hutamkwa kama "y" yetu, "v" hutamkwa kama "b", "h" haitamkwi kabisa, na "j" inakaribia "kh" ya Alkhamisi. Hivyo "llevarse" ni "yebarse", na "hablan" ni "ablan".

Llevarse: kitenzi cha kuelewana

"Llevar" peke yake ni kubeba au kupeleka. Kikiongezewa "se" na neno la kueleza namna, kama "bien" (vizuri) au "mal" (vibaya), kinakuwa kitenzi cha kawaida kabisa cha kusema watu wanaelewana au hawaelewani. Kinabadilika hivi:

me llevo bien: naelewana (na mtu)
te llevas bien: unaelewana
se lleva bien: anaelewana
nos llevamos bien: tunaelewana
os lleváis bien: mnaelewana (Hispania)
se llevan bien: wanaelewana, pia mnaelewana, kwa Amerika ya Kusini na ya Kati

Huko Amerika ya Kusini na ya Kati hawatumii "vosotros" kwa "ninyi". Wanatumia "ustedes", na kitenzi chake kinafanana na cha "wao". Mgeni wa Meksiko ukimwambia "os lleváis" atakuelewa, ila kwake ni lugha ya Hispania.

Swali la kawaida ni "¿Cómo te llevas con tu suegra?", yaani, mnaelewanaje na mama mkwe wako? Jibu laweza kuwa "Me llevo muy bien con ella", au "Nos llevamos fatal" kama mambo ni mabaya sana. Kihusishi ni "con", ambacho hapa kinafanya kazi ya "na" yetu.

Kuna mtego mmoja hapa kwa Mswahili. Sisi tunasema "Tunaelewana na Juma" tukimaanisha watu wawili tu, mimi na Juma. Ukiipeleka hivyo hivyo, "Nos llevamos bien con Juma", wasikilizaji wengi wataelewa kwamba kuna kundi, sisi, na Juma yuko nje ya kundi hilo. Kama ni wawili, chagua mojawapo: "Me llevo bien con Juma", au "Juma y yo nos llevamos bien".

Usiliache neno la namna. "Llevarse" kikikutana na kitu badala ya "bien" au "mal", maana inageuka. "Se llevó mi chaqueta" ni alichukua jaketi langu akaenda nalo. "Mi hermano y yo nos llevamos cinco años" ni mimi na kaka yangu tumepishana miaka mitano.

"Se" moja, kazi mbili

Kiswahili kina njia mbili zilizo wazi. Kiambishi "-ji-" kinaonyesha mtu anajitendea mwenyewe: wanajidanganya. Mwisho wa "-ana" unaonyesha watu wanatendeana: wanadanganyana. Hakuna Mswahili anayezichanganya.

Kihispania kinatumia "se" kwa zote mbili. "Juan y María se engañan" inaweza kuwa wanajidanganya, au wanadanganyana. Ya kwanza ni kukosa kuuona ukweli. Ya pili ni tuhuma nzito ndani ya ndoa. Vivyo hivyo "se critican" ni wanajikosoa au wanakosoana, na "se miran" ni wanajitazama, kwa mfano kwenye kioo, au wanatazamana.

Mara nyingi mazungumzo yenyewe yanaonyesha maana. Pale yasipoonyesha, Waspanishi huongeza maneno. Kwa kutendeana wanasema "el uno al otro", yaani mmoja kwa mwenzake: "Se engañan el uno al otro". Kwa kujitendea wanasema "a sí mismos": "Se engañan a sí mismos". Wakiwa wanawake wawili inakuwa "la una a la otra" na "a sí mismas". Mwanamume na mwanamke wakichanganyika, umbo ni la kiume. Watu wengi wakitendeana, ni "unos a otros".

Vitenzi vya kutendeana utakavyovihitaji zaidi ni hivi: "se quieren" (wanapendana), "se respetan" (wanaheshimiana), "se ayudan" (wanasaidiana), "se conocen" (wanajuana), "se pelean" (wanagombana). Pia kuna "no se hablan", hawasemeshani.

Angalia vitenzi vinavyodai kihusishi chake. "Confiar en" ni kumwamini mtu. Kusema wanaaminiana, "se" haitumiki. Kihusishi kinaingia katikati: "Confían el uno en el otro". Pia si kila "na" yetu ni "con". Kuolewa na mtu ni "casarse con", lakini kumpenda mtu hadi kuzama ni "enamorarse de". Kusema "enamorado con" ni kosa linalosikika mara moja.

Kwenye ndoa, sisi tuna oa, olewa na oana. Wao wana "casarse" tu. "Baraka se casó con Neema" ni Baraka alimuoa Neema, na "Neema se casó con Baraka" ni Neema aliolewa na Baraka. Wakisema "se casaron", ni walioana.

Caer bien: nani anampenda nani?

"Caer" ni kuanguka. Lakini "caer bien" ni kumpendeza mtu kwa tabia, na "caer mal" ni kutompendeza. Hiki ndicho kitenzi cha kusema mtu fulani unampenda kama mtu, bila mapenzi wala undugu ndani yake.

Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu kiima ni yule anayependwa. "Juma me cae bien" kwa mpangilio wake ni "Juma ananipendeza", ingawa tungesema kwa kawaida "nampenda Juma, ni mtu poa". Ukikumbuka vitenzi vyetu kama "ananifurahisha", "ananikera" na "ananiudhi", utaona ujenzi huu si mgeni hata kidogo. Yule mwenye kuhisi anakaa mahali pa mtendewa:

me cae bien: ananipendeza
te cae bien: anakupendeza
le cae bien: anampendeza
nos cae bien: anatupendeza
os cae bien: anawapendeza ninyi (Hispania)
les cae bien: anawapendeza wao, pia ninyi, kwa Amerika ya Kusini na ya Kati

Wanaopendeza wakiwa wengi, kitenzi kinawafuata wao: "Tus padres me caen bien", wazazi wako wananipendeza. Nikiwa mimi ninayependeza, ni "caigo": "Le caigo bien a mi jefe", bosi wangu ananipenda.

Ukitaja majina ya wote wawili, herufi ndogo "a" ndiyo inayoamua kesi. "A Juma le cae bien María" maana yake Juma ndiye anayempenda María kama mtu. "Juma le cae bien a María" ni kinyume chake: María ndiye mwenye kuhisi. Anayetanguliwa na "a" ndiye mwenye moyo. Kama unatafsiri mazungumzo ya familia mbili au mahojiano ya kazi, "a" hiyo usiimeze.

Halafu usichanganye "me cayó bien" na "me caí". La kwanza ni alinipendeza. La pili ni nilianguka chini.

Kupenda kwa ngazi nne

Kitenzi chetu "penda" kinagawanyika Kihispania katika ngazi kama hizi.

"Me caes bien": napenda ulivyo, wewe ni mtu mzuri. Ni salama kwa mgeni, jirani, mfanyakazi mwenzako na shemeji.

"Me gustas": unanivutia. "Gustar" ni kitenzi cha kupendezwa na chakula, muziki au mahali, "me gusta el café", "me gustan los leones". Lakini kikielekezwa moja kwa moja kwa mtu, kwa kawaida kinasikika kuwa ni mvuto wa kimapenzi. "Me gusta tu hermana" ni kutangaza nia kwa dada wa mtu. Kama ulitaka kusema dada yake ni mcheshi, sema "Tu hermana me cae muy bien".

"Te quiero": nakupenda, kwa upendo wa moyoni. Huambiwa wazazi, watoto, marafiki wa karibu na wapenzi. "Querer" pia ni kutaka: "quiero agua", nataka maji.

"Te amo": nakupenda, kwa uzito wote. Hutumika zaidi kwa wapenzi, na Hispania huonekana zito kuliko sehemu nyingi za Amerika ya Kusini.

Basi mnapoagana uwanja wa ndege baada ya safari nzuri, useme nini? Kwa kundi la Hispania, "Os tengo mucho cariño". Kwa kundi la Meksiko au Kolombia, "Les tengo mucho cariño". Ni kusema mna nafasi moyoni mwangu, na hakuna atakayeelewa vibaya.

Ser na estar: uhusiano na hali yake

Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa". Kwa mambo ya watu, "ser" hutaja uhusiano au tabia: "son hermanos" (ni ndugu), "son amigos" (ni marafiki), "Rehema es simpática" (Rehema ni mcheshi). "Estar" hutaja hali waliyonayo sasa: "están enfadados" (wamekasirika), "están peleados" (wamegombana, hawako sawa).

Kwa Mswahili kuna njia rahisi ya kukumbuka. Hali tunayoieleza kwa "-me-" mara nyingi kwao ni "estar": wamenuna, wamekasirika, wamegombana, wameoana ("están casados"). Wakati uhusiano tunaousema kwa "ni" mara nyingi kwao ni "ser".

Kwa hiyo "Son amigos, pero están peleados" ni sentensi kamili na yenye matumaini: ni marafiki, ila kwa sasa wamegombana. Urafiki upo, hali ndiyo imeharibika. Neno la mwisho hufuata jinsia na idadi: dada wawili ni "peleadas".

Sifa moja hubadilika kwa kitenzi. "Es simpático" ni mcheshi kwa tabia. "Está muy simpático hoy" ni leo amechangamka kweli, na msikilizaji anaweza kuhisi kwamba si kawaida yake. Kuwa mwangalifu unapomsifia bosi.

Wakati uliopita

Sisi "tulielewana" inatosha kwa mengi. Wao wanatenga hali iliyoendelea na tukio lililotokea likaisha.

"Nos llevábamos bien" ni tulikuwa tukielewana, na msikilizaji atangoja usikie aseme "lakini" lake. "Nos llevamos bien desde el primer día" ni tulielewana tangu siku ya kwanza. "Me caía bien" ni nilikuwa nampenda, wakati "me cayó bien" ni alinipendeza nilipokutana naye. Vivyo hivyo "nos conocíamos" ni tulikuwa tunajuana, na "nos conocimos" ni tulifahamiana, siku ile ya kwanza.

Ukisema "mi vecino me caía bien", jiandae kuulizwa jirani huyo alifanya nini.

Tú, usted na ruhusa ya kusogea karibu

Kiswahili huonyesha heshima kwa shikamoo, kwa "mzee", "mama", "dada". Kihispania huiweka pia ndani ya kitenzi. "Tú" ni kwa mtu wa karibu au rika lako. "Usted" ni kwa heshima au umbali. Hispania watu huhamia "tú" haraka. Kolombia kuna sehemu ambako "usted" husikika hata kati ya ndugu. Argentina wana "vos" badala ya "tú", na utasikia "¿Cómo te llevás con él?", mkazo ukiwa mwishoni.

Kuna hata kitenzi cha kutendeana kwa ajili ya jambo hili, "tutearse", yaani kuitana "tú". Mtu akikuuliza "¿Nos tuteamos?" anakuomba mpunguze umbali. Kwa mgeni mtu mzima, anza na "usted" na umwachie yeye afungue mlango.

Misemo ya kuzoea

Pale tunaposema chanda na pete, wao husema "son uña y carne", ni ukucha na nyama. Pale tunaposema paka na panya, wao wana "se llevan como el perro y el gato", mbwa na paka. "No se pueden ver", kwa neno kwa neno hawawezi kuonana, ni watu wasiotaka hata kukutana macho. Na "hacer las paces" ni kupatana baada ya ugomvi.

Mfano mzima

Soma maelezo haya ya mwongozaji anayewaeleza wageni timu yake:

"Somos cuatro en el equipo y nos llevamos muy bien. El cocinero le cae bien a todo el mundo. Antes el conductor y yo nos peleábamos mucho, pero un día hablamos con calma y ahora confiamos el uno en el otro. Hoy los dos ayudantes están enfadados y no se hablan, pero son buenos amigos y mañana harán las paces."

Yaani: Tuko wanne kwenye timu na tunaelewana sana. Mpishi anapendwa na kila mtu. Zamani mimi na dereva tulikuwa tukigombana sana, lakini siku moja tulizungumza kwa utulivu, na sasa tunaaminiana. Leo wasaidizi wawili wamekasirikiana na hawasemeshani, lakini ni marafiki wazuri na kesho watapatana.

Karibu kila kanuni ya makala haya imo humo. Isome kwa sauti, kisha badilisha watu: weka familia yako, ofisi yako, kwaya yako au timu yako ya mpira.

Na kila unapokwama, jiulize mambo matatu kabla ya kufungua mdomo. Je, wanatendeana au mtu anajitendea? Je, ni nani mwenye kuhisi, ili umpe "a" yake? Na je, upendo huu ni wa ngazi ipi? Kwa Kiswahili unayajibu bila kufikiri. Kwa Kihispania, jipe sekunde mbili. Ni bora kunyamaza kidogo kuliko kumtangazia mtu mapenzi usiyokuwa nayo.